"Si ulikubali mwenyewe?" Sheria inasemaje ukikubali kwa kudanganywa

Leo sina picha za harusi wala stori za Bongo Fleva. Nina ishu nzito kidogo, kwa hiyo kama hapo kafe ulipo umelipia nusu saa, kaa vizuri uisome mpaka mwisho. Email zitasubiri.

Iko hivi. Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu, shule ya msingi alinitangulia madarasa mawili. Jina simtaji na mtaa siutaji, ndilo sharti alilonipa ili niandike. Dada huyu alikutana na jamaa mmoja, suruali imenyooshwa, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Akamwambia yeye ni afisa ajira wa kampuni fulani kubwa, na kuna nafasi mbili za mapokezi. Dada akatoa shilingi elfu thelathini za "fomu". Baada ya siku chache akaitwa kwenye "usaili wa pili", na usaili huo ukafanyika gesti. Jamaa akamwambia nafasi ni yake, jina lake tayari liko juu ya orodha, imebaki wao wawili tu kuelewana. Akakubali.

Wiki iliyofuata simu ya jamaa haipatikani. Dada akapanda daladala mpaka kwenye hiyo kampuni. Hawamjui. Hakuna afisa wa jina hilo, hakuna nafasi, na fomu zao haziuzwi.

Akaenda kituo cha polisi. Askari aliyekuwa kaunta akamuuliza: alikushika kwa nguvu? Hapana. Alikutishia kisu? Hapana. "Sasa dada yangu, si ulikubali mwenyewe?" Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Akarudi nyumbani.

Siku mbili baadaye akaja kafe, akavuta kiti pembeni yangu, akaongea kwa sauti ya chini: "Wewe unayeandika andika kila siku, hebu niangalizie. Kweli kwenye sheria hakuna kitu?"

Nikiri mapema, mimi sio mwanasheria. Nimeishia Form Six, HGL, na yaliyofuata mnayajua wasomaji wangu wa siku nyingi. Lakini sheria sio siri ya mtu, imeandikwa, na sehemu kubwa ipo kwenye intaneti. Nimesoma usiku tatu, nimeprinti kurasa kadhaa, na jamaa mmoja anayesomea sheria amenisahihisha nilipokosea. Haya ndiyo niliyoyapata.

KUKUBALI NI NINI KWANZA

Watu wengi tunafikiri kubaka ni lazima kuwe na nguvu, kelele na nguo zilizochanika. Sheria ya Tanzania Bara haisemi hivyo. Kifungu kikubwa ni cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kama kilivyoandikwa upya mwaka 1998 na ile sheria maalum ya makosa ya kujamiiana ambayo wanasheria wanaiita SOSPA. (Zanzibar wana sheria yao ya adhabu, kwa hiyo ninayosema hapa ni ya Bara. Na namba za vifungu natumia zile zilizozoeleka. Kwenye matoleo mapya namba inaweza kusogea, wewe angalia maneno.)

Kifungu hicho kinasema wazi kwamba sio lazima kuwe na alama za kupigana, majeraha na kadhalika, ili kuthibitisha kuwa mwanamke hakukubali. Halafu kinaorodhesha hali ambazo mwanaume anahesabiwa amebaka. Nazifupisha kwa lugha yetu:

(a) Mwanamke hakukubali. Hapo mke wake hahesabiwi, isipokuwa kama wametengana.

(b) Alikubali, lakini kwa sababu ya nguvu, vitisho, kuogopa kuuawa au kuumizwa, au akiwa ameshikiliwa isivyo halali.

(c) Alikubali akiwa hana akili timamu, au akiwa amelevywa na huyo mwanaume au na mtu mwingine, isipokuwa ikithibitishwa kuwa walishakubaliana kabla.

(d) Alikubali kwa kuaminishwa kwamba huyu ni mume wake, wakati mwanaume anajua fika kuwa siye.

(e) Ana umri chini ya miaka 18. Hapa kukubali au kutokubali hakuna maana yoyote. Sheria imeacha mlango mmoja tu, wa mke wa kuanzia miaka 15, na mlango huo umepigiwa kelele sana.

Adhabu kwa mtu mzima ni kuanzia miaka 30 mpaka maisha. Sio mchezo.

Sasa angalia tena (b), (c) na (d). Zote zinasema "alikubali". Kwa hiyo yule askari aliposema "ulikubali mwenyewe", hakuwa amemaliza mazungumzo. Sheria yenyewe inajua kwamba mtu anaweza kusema ndiyo na ile ndiyo isihesabike. Swali ni: ndiyo ya namna gani?

MFANO WA KULWA NA DOTO

Tuchukue mfano. Kulwa na Doto ni mapacha, wamefanana hata mama yao huwachanganya. Kulwa ana mke. Kulwa amesafiri, Doto anaingia chumbani usiku, umeme umekatika, hasemi neno. Shemeji anadhani mume wake amerudi mapema. Asubuhi anagundua.

Hapo jibu ni rahisi. Hiyo ni herufi (d), moja kwa moja. Doto amebaka, hata kama shemeji hakupiga kelele, hata kama alimkumbatia. Alimkumbatia Kulwa, sio Doto.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Yule dada sio mke wa Kulwa, ni mchumba wake. Wanaishi pamoja miaka minne, wana mtoto, mahari bado. Doto anafanya vilevile. Je?

Soma (d) tena: inamtaja mwanaume ambaye mwanamke ameolewa naye, au anaamini ameolewa naye kisheria. Mchumba hayumo. Mpenzi hayumo. Inawezekana kabisa wakili wa serikali akarudi kwenye (a) na kusema: huyu dada alimkubali Kulwa, hajawahi kumkubali Doto, kwa hiyo hakukubali. Kwangu ni hoja nzuri sana. Lakini ni hoja ya kubishaniwa mahakamani. Haijaandikwa waziwazi kama ilivyoandikwa kwa mke.

Kwa nini mke tu? Historia inaeleza. Sheria zetu za jinai zilikuja na Mwingereza, na baadhi ya maneno yamepitia India. Hiyo herufi (d) ukiiweka pembeni ya sheria ya adhabu ya India ya mwaka 1860, utadhani ni mtu na pacha wake. Na huko Uingereza kwenyewe, mwaka 1822 na tena 1868, majaji waliamua kwamba mwanaume aliyejifanya mume wa mtu hakubaka, kwa sababu eti mwanamke alikubali tendo. Mwaka 1884 majaji wa Ireland wakakataa mawazo hayo, na mwaka 1885 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba kujifanya mume wa mtu ni kubaka. Unaona? Lile "ulikubali mwenyewe" la kaunta lina umri mkubwa kuliko kituo chenyewe.

Waingereza walikaa na "mume tu" zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1995 ikaja kesi ya mwanamke aliyekuwa amelala, mgeni wao akapanda kitandani, na yeye akadhani ni mpenzi anayeishi naye. Alipogundua alimpiga ngumi. Utetezi ukadai sheria inalinda mke na mume tu. Mahakama ya Rufani ikasema hapana, mpenzi naye anahesabika. Mwaka 2003 wakaandika sheria mpya: kujifanya mtu yeyote ambaye mlalamikaji anamfahamu binafsi.

MASWALI MAWILI YA SHERIA

Katika kusoma kwangu nimegundua kwamba sheria za aina hii, ukizikamua, zinauliza maswali mawili tu.

La kwanza: ulijua ni nani?

La pili: ulijua ni kitu gani kinafanyika?

Swali la kwanza ndilo la Kulwa na Doto. La pili linahitaji mfano. Mwaka 1877 huko Uingereza, jamaa mmoja aliyejiita tabibu alimwambia binti wa miaka 19, mgonjwa, kwamba anamfanyia upasuaji wa kumtibu. Alichokifanya kilikuwa kujamiiana. Binti hakujua. Mwaka 1923 mwalimu wa kwaya akamwambia mwanafunzi wake wa miaka 16 kwamba kuna njia ya kumfungulia pumzi ili aimbe vizuri. Ni yaleyale. Wote wawili walitiwa hatiani kwa kubaka. Mabinti walikubali tiba, hawakukubali tendo.

Usicheke ukasema hayo ni ya zamani na ya wazungu. Huku kwetu kuna mganga anayesema dawa lazima "ipakwe kwa ndani". Kuna anayejiita mtumishi na kusema pepo hatoki mpaka hivi na hivi. Na waliotunga sheria ya 1998 waliwajua, maana kifungu cha 130 kinawataja kwa kazi zao: mwenye mamlaka anayetumia cheo chake, mfanyakazi wa hospitali, mganga wa jadi kwa mteja wake, na kiongozi wa dini. Tuelewane lakini. Haisemi kwamba kila mganga aliyelala na mteja amebaka. Inasema yule anayetumia nafasi yake na kubaka, asidhani kilemba au koti jeupe litamficha.

Kuna jambo moja lilinishangaza hapa. Sheria yetu ya kabla ya 1998 ilikuwa na maneno ya wazi kuhusu ridhaa iliyopatikana kwa kumdanganya mwanamke kuhusu aina ya tendo. Uganda maneno hayo bado wanayo. Sisi tulipoandika upya, kwenye orodha mpya hayakurudi. Haina maana kwamba mganga yuko huru, kwa sababu mtu asiyejua kinachofanyika hajakubali, na tunarudi kwenye (a). Ila kitu kilichokuwa kimeandikwa sasa kinabidi kielezwe na wakili, na mtu wa kawaida hana wakili mfukoni.

UWONGO AMBAO SHERIA HAIUONI

Sasa turudi kwa dada yetu. Mpitishe kwenye yale maswali mawili. Alijua ni nani? Alijua: ni huyuhuyu aliyekaa naye mezani. Jina na cheo vilikuwa vya uwongo, ila mtu ndiye huyohuyo. Alijua ni kitu gani kinafanyika? Alijua. Alichodanganywa ni sababu. Kile kilichomfanya akubali hakikuwepo.

Na hapo ndipo sheria ya kubaka inaposimama. Sababu haiiulizi.

Uongo wa sababu ndio unaotupata wengi. Nimekusanya ule ninaousikia mtaani:

"Nitakuoa." Kwa sheria yetu, mwanamke wa zaidi ya miaka 18 aliyekubali kwa ahadi ya ndoa, halafu ahadi ikavunjwa, hayumo kwenye orodha ya 130. Lakini asiondoke mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inaruhusu kufungua madai ya fidia kwa kuvunja ahadi ya ndoa, na cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa kutegemea ndoa ambayo haikufungwa. Hii ni kesi ya madai, sio ya jinai. Hakuna anayefungwa, na usitegemee mamilioni ya kufuta machozi, hapo wanapima gharama ulizoingia.

"Sijaoa." Uwongo huu umejaa kuliko dagaa sokoni. Kwa sheria ya kubaka sio kosa.

"Nitakulipa." Mwaka huohuo wa 1995, Uingereza, mwanaume alimwahidi mwanamke anayeuza mwili pauni 25, kisha akakimbia bila kulipa. Kwanza alitiwa hatiani kwa kubaka, kisha Mahakama ya Rufani ikafuta. Alidanganya kuhusu malipo, wakasema, hakudanganya kuhusu mtu wala tendo.

"Mimi mzima, sina tatizo." Hapa tuna sheria nyingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, kifungu cha 47, inasema anayemwambukiza mwenzake VVU kwa makusudi anafungwa miaka 5 hadi 10. Angalia neno makusudi. Haiitwi kubaka.

"Mimi ndiye bosi." Hii ina pande mbili. Kama ni bosi kweli na anadai ngono ndipo akupe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, imo kwenye sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Nenda TAKUKURU. Lakini kifungu kinamsema mtu mwenye mamlaka anayetumia mamlaka yake. Bosi feki hana mamlaka ya kutumia. Yaani aliyedanganya zaidi ndiye anayeponyoka. Dada yetu alipolisikia hili alicheka, na sio kwa furaha.

NA HUMU MTANDAONI JE

Hili linatuhusu sisi tunaoshinda humu kafe. Unachati na mtu miezi miwili, picha ni ya kijana mtanashati, ukifika eneo la miadi unakuta baba wa miaka hamsini. Ukigeuza na kuondoka, hakuna kilichotokea. Ukikubali kuendelea ukiwa umemwona, sheria itasema ulijua ni nani. Lakini kule kujifanya mtu mwingine ni kosa peke yake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta (na simu yako imo humo). Faini inaanzia milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote.

Na kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 2008 ambayo kila kijana wa kiume aisome. Kijana wa miaka 16 aliachana na binti mmoja. Baba wa binti akakasirika, akafungua akaunti akijifanya msichana, akamshawishi yule kijana afanye mambo yake mbele ya kamera ya kompyuta, nia yake ikiwa ni kumwaibisha. Mahakama ikasema kijana alidanganywa kuhusu lengo lenyewe la tendo, na baba akabaki na hatia. Kwa hiyo mnaoona mada hii ni ya akina dada tu, pole. Na ujue kifungu chetu cha 130 kinamsema mwanaume dhidi ya mwanamke au msichana peke yake. Kijana wa kiume aliyedanganywa ataangukia kwenye makosa mengine, sio hilo.

MAJIRANI WAMEFANYAJE

Kenya waliandika upya mwaka 2006. Muswada uliletwa na Njoki Ndung'u, wakati ule mbunge wa kuteuliwa, baadaye jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria yao inasema "mtu", haisemi mwanamke tu. Na kifungu cha 43 kinataja udanganyifu wazi: kuaminishwa kwamba uko na mtu fulani kumbe ni mwingine, kuaminishwa kwamba tendo ni kitu kingine, na mtu kuficha kwa makusudi kwamba ana VVU au ugonjwa mwingine wa zinaa wa kutishia maisha. Kwa hiyo mchumba wa Kulwa akiwa Mombasa hana haja ya kubishana, ameandikwa. Tena orodha yao imewekwa kwa maneno ya "ni pamoja na", maana yake haijafungwa.

India wamekwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi mahakama zao zilihangaika na "nitakuoa". Mwaka 2003 Mahakama ya Juu yao ilisema kukubali kwa ahadi ya ndoa ya baadaye sio kukubali kwa kutojua ukweli. Halafu sheria yao mpya ya adhabu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ikatengeneza kosa jipya, kifungu cha 69. Anayejamiiana na mwanamke kwa hila, au kwa kumwahidi ndoa bila nia ya kutimiza, anaweza kufungwa mpaka miaka 10. Hawakuliita kubaka, wamelipa chumba chake. Na wakaeleza hila ni nini: imo ahadi ya uwongo ya kazi au ya kupandishwa cheo, imo na kuoa kwa kuficha wewe ni nani.

Niliposoma hapo kwenye ahadi ya uwongo ya kazi, nilimwita dada aje aone kwa macho yake. Akasoma mara mbili. Akaniuliza, "Kwa hiyo ningekuwa Mhindi?"

Lakini tusiende mbio. Israel mwaka 2010 mwanaume Mwarabu alihukumiwa miezi 18 kwa sababu alijitambulisha kama Myahudi kapera. Dunia nzima ikapiga kelele: je, huu ni ulinzi wa mwanamke au ni ubaguzi wa kabila? Baadaye nyaraka zikaonyesha kwamba malalamiko ya mwanzo ya mwanamke yalikuwa ya kubakwa kwa nguvu, na kosa la udanganyifu lilitokana na makubaliano kati ya mawakili. Mwaka 2012 kifungo kikapunguzwa hadi miezi tisa. Somo ninalolipata ni kwamba ukiufanya kila uwongo kuwa kubaka, kesho mtu atashtakiwa kwa kuficha kabila lake, dini yake au mshahara wake, na watakaoumia ni wale ambao jamii ilishawachukia.

ELFU THELATHINI

Sasa mwisho wa stori. Nilimuuliza dada, ulimpa hela? Akasema ile elfu thelathini ya fomu, na meseji ya muamala bado anayo. Nikamwambia hapo kuna kosa. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka miaka saba jela. Tukaprinti ukurasa, tukaenda kituo kingine, moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Afande mmoja wa kike akamsikiliza mlango ukiwa umefungwa. Jalada likafunguliwa, RB ikatoka. Kosa: fedha, shilingi 30,000.

Tulipotoka nje nilikuwa na furaha, nikidhani tumeshinda. Yeye alikuwa anaiangalia ile karatasi. Akasema, "Wameandika elfu thelathini. Lile jingine hawakuliandika."

Wadau, sina jibu la kumpa mpaka leo. Mtu akikudanganya akachukua hela yako, sheria haisemi "si ulitoa mwenyewe?" Inajua ulitoa, na inajua ulitoa kwa sababu ya uwongo, kwa hiyo inamtafuta mwongo. Akikudanganya akachukua mwili wako, ni lazima awe amejifanya mumeo. Elfu thelathini ina ulinzi mpana kuliko mwenye nayo.

Msimamo wangu, na mnaweza kunipinga hapo chini: herufi (d) ipanuliwe, iwe mtu yeyote unayemfahamu, sio mume tu. Maneno ya kudanganywa kuhusu aina ya tendo yarudishwe kwenye orodha. Na bosi feki atengenezewe kosa lake, dogo kuliko kubaka, lakini lenye jina. Uwongo wa kawaida wa mapenzi, "sijaoa", "nina gari", tuuache kwa wazazi, viongozi wa dini na akili zetu wenyewe.

UKIPATWA WEWE AU MWENZAKO

1. Usijihukumu mwenyewe. Wewe sema ulivyodanganywa, kutafuta jina la kosa ni kazi ya polisi na mwendesha mashtaka.

2. Nenda hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usioge wala kufua nguo ulizovaa kabla ya kuonwa.

3. Meseji, picha, namba za simu, miamala, usifute hata kama zinakuchefua. Huo ndio ushahidi.

4. Kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Ukikatishwa tamaa kaunta, nenda kituo kingine au rudi na mtu.

5. Msaada wa sheria wa bure upo. TAWLA na LHRC wanafanya kazi hiyo. Kwa mtoto, piga 116, ni bure.

6. Mwathirika akiwa chini ya miaka 18, achana na mjadala wote huu wa uwongo. Kukubali kwake hakuhesabiki. Ripoti.

Nimemaliza, na muda wangu hapa umebaki dakika nne. Maoni ruksa kama kawaida, ila usimtaje mtu kwa jina wala usijaribu kubahatisha dada ni nani, nitafuta. Na kama humu kuna mwanasheria na nimekosea mahali, nisahihishe hadharani, sitanuna.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.